Glavu Nyeupe za Murhula

Roseville, 12 Septemba 2024

Kwa Emérance, mjane wa Murhula,

Umenifungia simu. Nimepiga mara sita, inalia kidogo inakatika, na kwa WhatsApp picha yako imegeuka kile kichwa cha kijivu kisicho na uso. Sawa. Mimi masista walinifundisha kuandika barua mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu ndio walikuwa wanabandika ukutani wageni wakija, kwa hivyo hutanishinda kwa simu. Hii anakuletea Velma anayeshika mlango kanisani. Nimemwambia asikupe mbele ya watu, maana mimi bado nina heshima hata kama wewe yako uliiacha pale jikoni Jumapili.

Niambie kama niliambiwa vibaya. Ulisimama kando ya birika la chai, akina mama wote na vikombe mkononi, ukasema, "Mtoto wa Nkatha ni mwizi wa maiti."

Makena wangu! Msichana ambaye mwalimu wake aliniita shuleni kuniambia, mama, huyu hatujui tumfundishe nini tena. Wa kwanza kutoka kwetu Meru kushika brashi za Mzee Kuzuhara. Wewe hujui Kuzuhara ni nani, si makosa yako, hata mimi sikujua. Ni mchoraji Mjapani, ana miaka themanini na nne, anakaa hapo Saint Paul, na watu wanapanda ndege kuja kumwona. Wengine wanakuja kumtukana, siwezi kukuficha. Anachora wafu tu. Tangu ujana wake hajachora mtu anayepumua, anasema ukimchora aliye hai ni kama unamharakisha. Rangi zake ni mawe. Mawe kabisa, yanasagwa kwenye kinu, yanachanganywa na gundi ya ngozi ya ng'ombe, na anayemsagia sasa ni mtoto wangu peke yake. Gari langu linanuka hiyo gundi hadi nashindwa kumpa mtu lifti, lakini nani analalamika?

Picha ya Murhula wako iko katikati ya ukumbi Minneapolis. Wazungu wanasimama mbele yake wamevua kofia. Wewe ungekuwa unashukuru.

Na ruhusa ilitolewa. Iko karatasi, ina sahihi kwa niaba ya familia. Makena hakuiba kitu.

Nimempa Velma chapati kumi akuletee, maana najua hujapika vizuri tangu msiba. Kula. Hasira yangu ni kitu kingine na chapati ni kitu kingine.

Ni mimi,
Nkatha, Mama Makena
Mwenyekiti, Kamati ya Mazishi


Saint Paul, 17 Septemba 2024

Mama Makena,

Barua nimepata. Chapati Velma atakurudishia, hazijaguswa.

Nitaandika polepole ili uelewe, kwa sababu unasoma vile unavyosema, mbio.

Wewe unajua mashine ya kiwanda cha batamzinga ilikula vidole vitatu vya Murhula, mkono wa kushoto, mwaka wetu wa kwanza hapa. Unajua mama yake kule Bukavu hakuambiwa. Murhula alikataa. Alisema, "Mama alitembea na mimi mgongoni siku nne tukikimbia vita, akanifikisha mzima. Siwezi kumwambia nimekuja kukatwa na mashine ya kuku wakubwa." Miaka sita akiongea naye kwa video alishikilia simu na mkono ule ule wa kushoto, gumba na kidole kimoja, ili ukae nyuma ya kioo usionekane.

Moyo wake uliposimama mwezi wa tatu, Bukavu walitazama ibada yote kwa simu. Njo maana nilimvalisha glavu nyeupe. Ilikuwa siri yake, nikaitunza.

Sasa mchoraji wenu amemlaza kwenye picha bila glavu. Mkono wa kushoto juu ya kifua, vipande vitatu vinaonekana kama vishina. Mtu akapiga picha, ikazunguka kwenye simu, ikafika Bukavu kabla mimi sijaiona. Shemeji yangu Janvier akanipigia. Anasema mama-mkwe Ernestine anauliza nani amemkata mtoto wake. Anasema ukoo unasema niliuza vidole vya mume wangu, kwamba mganga wa Amerika alinipa nyumba. Nyumba gani? Vyumba viwili, na dirisha halifungi. Mwezi wa kwanza wanamaliza kilio. Tikiti nimekata tayari. Janvier anasema nisikanyage pale, mimi si bibi ya Murhula tena.

Nilikuwa bibi yake miaka kumi na nne. Jina hilo njo kitu pekee alichoniachia.

Nataka picha itoke ukutani. Na nataka kuona karatasi hiyo, maana mimi sikutia sahihi popote.

Emérance, bibi ya Murhula


Roseville, 23 Septemba 2024

Emérance,

Pole kwa maneno ya huyo Janvier. Hiyo pole ni ya kweli. Lakini hasira yako ipeleke kwa Janvier, usiimwage kwa mtoto wangu.

Unataka nimwambie mzee aitoe picha. Hujui unamwomba nani. Keti nikueleze.

Baba yake Kuzuhara alikuwa anachonga majina kwenye mawe ya makaburi huko Japani, na vumbi la mawe yale ndilo rangi yake ya kwanza. Alipokuwa mzee tayari, bahari ilipanda pwani ya kwao ikachukua watu. Maiti walilazwa kwenye kumbi za shule, kila mmoja na namba. Yeye akaenda na karatasi. Siku arobaini anachora nyuso za wasiojulikana, ili mtu akija kutafuta ndugu asionyeshwe namba, aonyeshwe uso. Wapo waliotambuliwa kwa michoro yake. Huyo ndiye unayemwita mwizi.

Baadaye akazitia rangi, akazionyesha mjini. Hapo nchi nzima ikamgeukia. Magazeti yakamwita kunguru. Mama mmoja alimkuta binti yake pale ukutani, mdomo wazi, vile alivyotolewa majini. Akamwomba, mfunge mdomo tu, sikuombi kingine. Mzee akasema, "Sikuufungua mimi." Akakataa! Yule mama alisimama nje ya ule ukumbi mwezi mzima, ameshika viatu vya shule vya mtoto. Watu wakarusha wino kwenye picha, wakavunja madirisha ya nyumba yake. Akahama, akaja huku kwa mpwa wake. Hakubadilisha hata mstari.

Sasa wewe unadhani atabadilisha kwa sababu ya Nkatha wa Roseville?

Siku ya kumtazama marehemu alikaa kiti cha nyuma, ameinama, anachora na penseli ndogo hivi. Wewe mwenyewe ulimpa mkono. Makena ndiye alimleta, na aliniomba ruhusa mimi kwanza, kwa adabu, kwa sababu nilimlea na adabu. Kuhusu mkono, mzee ana macho. Aliniambia mwenyewe, pamba haina mifupa. Aliona. Mtu aliyechora maiti miaka hamsini utamficha nini?

Umwache Makena. Wiki ijayo gazeti linakuja kumpiga picha yeye pamoja na mzee. Nimemshonea gauni la kitenge, rangi ya machungwa, atawaka.

Nkatha
Mwenyekiti


Saint Paul, 1 Oktoba 2024

Nkatha,

Sikuiti tena Mama Makena. Mtoto wako sasa namhurumia.

Jana nilitoka kazi saa nane mchana, nikapanda treni ya Minneapolis na yunifomu yangu ya usafi wa hospitali. Pale mlangoni nikasema mimi ni mke wa yule mtu ukutani. Wakaniletea kiti na maji. Nikaomba karatasi ya ruhusa, wakanipa nakala. Iko hapa mbele yangu.

Jina: Nkatha. Uhusiano na marehemu: Mwenyekiti, kwa niaba ya familia. Tarehe: siku mbili kabla ya mazishi. Na muhuri. Ule wa duara, wa zambarau, wa kamati. Umegonga mara mbili.

Jambo la pili. Unasema mzee alikuambia pamba haina mifupa. Kwa hiyo mlizungumza. Aliona glavu imejaa vibaya, haya. Lakini kwenye picha kidole cha kati kimekatika juu ya kifundo, na cha mwisho kimeisha kabisa, na kuna kovu lililopinda kuelekea kwenye mshipa. Hilo haliwezi kuonekana nje ya kitambaa. Kwenye chumba kile cha kumvalisha tulikuwa wawili, wewe na mimi. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Wewe njo ulisokota pamba ukaitia kwenye glavu kidole kwa kidole, ukaniambia, "Usilie, dada, hii inabaki hapa."

Nilikubali uniite dada.

Mbele ya picha yenyewe sikuweza kukaa. Nilitazama mkono, nikatoka.

Kilio kinamalizwa mwezi wa kwanza. Maurice, Mkongo mwenzetu wa kanisani, anasafiri tarehe kumi na mbili mwezi huu, anapitia Kigali, atavuka mpaka Bukavu. Utamwandikia mama-mkwe wangu kwa mkono wako. Utamwambia vidole vilikwendaje na nani alisema. Mimi hanisikilizi, Janvier njo anashika simu ya nyumba. Usipoandika, Jumapili baada ya hapo nitasoma karatasi hii mbele ya kanisa zima, na muhuri wako nitawaonyesha.

Emérance


Roseville, 9 Oktoba 2024

Emérance,

Niliandika barua nyingine kwanza. Ndani yake nilisema wiki ile nilitia sahihi karatasi ishirini na tatu, za hospitali, za nyumba ya mazishi, za makaburi, za ubalozi uliomnyima Janvier viza, na hiyo ya ishirini na nne ikaenda na zile zingine. Na ni kweli kwetu ndivyo inafanyika, mwenye msiba hasumbuliwi, mwenyekiti anagonga muhuri mambo yanasonga. Nimeichana. Karatasi ile niliisoma. Niliisoma mara mbili.

Makena aliniambia, mum, muulize Emérance mwenyewe, mzee siku hizi hachori bila ndiyo ya familia. Nikaja kwako. Ulikuwa umelala kwenye godoro sebuleni, umeshika koti la Murhula la baridi. Nikakaa. Nikala maharagwe mliyonipa. Nikatoka. Nikatia sahihi kwa gari, usukani ukiwa ndio meza, nikampelekea mtoto nikamwambia familia imekubali na wanashukuru sana. Nilitaka aipate. Miaka kumi na tisa nageuza wazee wa watu vitandani kwenye nyumba ya wazee huko Anoka, wananiita hata jina lisilo langu, nikaona walau mara moja jina letu litabandikwa ukuta mzuri.

Na mkono nilisema mimi. Mzee alikuja kwangu kunywa chai, akauliza. Nikajisikia mkubwa, kwamba mimi ndiye niliyevalisha, mimi ndiye najua. Nikamwonyesha kwenye vidole vyangu, kimekatika hapa, na hapa. Alichora juu ya kitambaa cha karatasi.

Haya umesikia. Usidhani nimepiga magoti.

Alhamisi iliyopita niliingia kwa mzee na viatu miguuni. Nikamwambia yote kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinikimbia, Makena akitafsiri, na kila neno lilikuwa linamshinda mtoto kutoa, kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Nikasema, funika huo mkono. Nikajua atasema yale ya kwao, sikuufungua mimi. Akaweka brashi chini. Halafu akasema, "Yule wa viatu alikufa akiwa bado ananichukia. Sina nguvu ya mwingine." Picha ikaletwa. Akasaga unga mweupe wa magamba ya chaza, akatia gundi, na mikono yake hiyo inayotetemeka akamvalisha Murhula glavu. Siku mbili nzima. Kitu ambacho Japani yote haikuweza kumfanya akifanye, nimemfanya mimi.

Makena hakuenda kupigwa picha na gazeti. Gauni liko kwenye mlango wa kabati.

Barua ya mama-mkwe wako hii hapa haijafungwa, isome kabla hujampa Maurice.

Nkatha


Roseville, 9 Oktoba 2024

Mama Ernestine, Bukavu,

Shikamoo mama. Hunijui. Mimi ni Nkatha, Mkenya, mwenyekiti wa mazishi ya mtoto wako Murhula huku Amerika, na kama ulitazama kwa simu mimi ndiye mama mwenye kilemba cha bluu aliyepanga viti.

Nakuandikia kuhusu vidole. Vilikatwa na mashine kazini, mwaka 2018. Emérance hakuuza kitu. Alimpeleka hospitali, akamlisha miezi miwili, akamfundisha upya kufunga vifungo. Murhula ndiye alikataa uambiwe, akisema ulimfikisha mzima. Mke wake akaitunza siri hiyo hadi kaburini. Mimi ndiye niliyeivunja. Nilimwambia mchoraji, na nilitia sahihi mahali pa Emérance bila yeye kujua, kwa ajili ya sifa ya binti yangu, ambaye kwa kweli ana kipawa, hata ungemwona wewe ungesema.

Picha ile mbaya imerekebishwa. Nimesimama hapo mpaka mkono ukafunikwa. Sasa yuko na glavu zake nyeupe, safi, kama siku ile. Hutauona tena.

Mwache mkwe wako aje kumaliza kilio cha mumewe. Ukitaka wa kulaumu, anwani yangu iko nyuma ya bahasha.

Nkatha


Bukavu, 14 Novemba 2024

Bibi Nkatha,

Janvier hajui kama nimeandika. Maurice njo atabeba.

Murhula alikuwa wa kushoto tangu tumboni mwangu. Alipokuwa mtoto nilimpiga ili ale na mkono wa kulia, akakataa, nikampiga tena, akakataa, nikachoka. Halafu siku moja kwenye simu, huko kwenu, naona mtoto wangu anakula bugali na mkono wa kulia. Anachekacheka, anasema maisha ni mazuri. Nikajua. Sikujua ni vidole vingapi, lakini mkono haukuwepo. Nilinyamaza ili afurahi kwamba amenificha. Miaka sita tulifichana hivyo, yeye na mimi, na kila mara alipokata simu nilibaki nikiutafuta ule mkono kwenye kioo.

Siku ya mazishi nilimwambia mjukuu wangu alete simu karibu. Nikasema, leo nitauona. Mtu akifa hana tena wa kumwogopa. Nikaona glavu. Mmemziba mtoto wangu kama kitu cha aibu, mkamtia ardhini hivyo.

Sikumwuliza Emérance nani alimkata. Nilimwambia Janvier, muulize nani alimvalisha. Yale mengine ni mdomo wa Janvier, na nitamrudishia mwenyewe mbele ya ukoo. Mke wa mtoto wangu aje. Mwambie vile: mke wa mtoto wangu.

Picha nilionyeshwa, na nililala nayo siku tatu. Uso si wake, Murhula hakuwahi kunyamaza hivyo. Lakini mkono niliushika pale kwenye kioo. Huyo Mjapani ni mtu wa kwanza kunionyesha.

Na wewe unaniandikia umesimama hapo mpaka ukafunikwa, na unataka sifa. Nani alikuuliza? Umemvalisha mara mbili, na mara zote mbili hukuniuliza mimi niliyemzaa.

Mrudishie mkono wake. Kisha usiniandikie tena.

Ernestine, mama ya Murhula


Roseville, 6 Desemba 2024

Emérance,

Barua ya mama-mkwe wako imo humu ndani. Maurice aliniletea jana. Soma kwanza yake, halafu urudi kwa hii. Ukiamua kutorudi, sawa.

Amesema uende. Amekuita vile umetaka kuitwa.

Mimi amenitukana.

Niliipeleka kwa mzee asubuhi hii. Makena akamsomea kwa Kiingereza, yeye akacheka mpaka akakohoa, mpwa wake akamletea maji. Alisema mama wa kwanza alimwomba afunge, akakataa, ikawa kosa. Kwa mama wa pili akafunika, ikawa kosa. Halafu akalia, bila sauti, akiwa bado ameshika kikombe.

Mikono yake haiwezi tena kazi hiyo. Lakini anasema gundi ya ngozi haigandi kabisa, maji ya uvuguvugu yanailegeza hata baada ya miaka, unaondoa rangi ya juu kidogo kidogo, na ya chini inabaki. Makena ndiye anafanya. Amekaa sakafuni na bakuli na pamba. Pamba ni ileile niliyonunua mwezi wa tatu, kifurushi kilibaki nusu kwenye gari. Mimi nilimpa tu, akapokea.

Siku hizi ananijibu kwa Kiingereza, na ni maneno mawili matatu. Leo alisema moja kwa Kiswahili. Nilipoinama kuangalia, alisema, "Usiguse."

Kifundo cha mkono kimetoka, na mwanzo wa lile kovu. Kesho Jumamosi saa nne anafika kwenye vidole. Amesema hataendelea mpaka uwe umekaa pale, na ukisema aache, anaacha. Karatasi mpya iko mezani kwa mzee, mahali pa jina ni patupu. Muhuri wa kamati nimemkabidhi Velma aurudishe kanisani.

Sikuombi unisamehe, na sijakuwekea chapati. Gari litakuwa mbele ya nyumba ya mzee kwa sababu lazima nimlete Makena. Nitabaki humo ndani, palepale kwenye usukani, nimegeukia upande wa pili. Wewe pita tu.

Nkatha